Punda mpya anagomea kalavati na mavuno yanakaribia. Naombeni uzoefu

Ng'wanambuga (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Mwangaluka kwa wa nyumbani.

Niko Usagara, Misungwi. Mimi ni mtu wa mpunga. Kila msimu nakodi mkokoteni wa watu kutoa magunia majarubani hadi mashine ya kukoboa, na kila msimu mwenye mkokoteni akiona mawingu tu ananipandishia bei. Safari hii nikasema basi, niwe na wa kwangu. Mkokoteni kanitengenezea fundi wa Buhongwa, ekseli na matairi ya gari dogo, unateleza vizuri. Punda nimemnunua mnadani, dume la kijivu, kahasiwa, bado kijana, mbavu zinaonekana kidogo. Aliyeniuzia alikula yamini kwamba tela analijua. Nimemwita Meja.

Nyumbani Meja ni mpole. Ukimwachia anakufuata hadi mlangoni. Kumvisha hatamu ndiyo vita, maana masikio hataki yaguswe kabisa. Mkono ukipita usawa wa jicho tu anarusha kichwa. Bodaboda ikitokea nyuma anaruka pembeni, mkokoteni na vyote vilivyomo. Hayo nayavumilia. Kinachonitoa jasho ni kalavati.

Ni kalavati la zege kwenye barabara ya mashine, halina kingo, kijito kinapita chini. Upande wa kwetu mvua imekula udongo, pamebaki ufa wa upana wa kiganja kati ya barabara na zege, ndani giza tupu. Meja akibakiza hatua chache anasimama. Kijana wangu anavuta mbele, mimi nasukuma nyuma, mwenyewe kaichomeka miguu, kichwa juu, macho yametoka weupe. Juzi tulikaa pale mpaka abiria wa daladala wakaanza kutupiga picha.

Ushauri wa mtaani: mmoja kasema niwashe nyasi chini ya tumbo lake. Mwingine kasema nimfunge palepale kalavatini kutwa nzima, njaa na mazoea vitamvusha. Shemeji yangu kasema niuze. Sipendi kumtesa mnyama, ila pia sikununua pambo. Kuna njia? Na inachukua muda gani?

Kiboko_wa_Igoma

Mkuu unambembeleza punda? Wazee walishasema, punda afe mzigo ufike. Tafuta fimbo ya mkwaju, mbili tatu za makalioni, atavuka mbio. Ukimlegezea leo kesho atakudai godoro. Asante ya punda ni mateke.

MamaShogi

Ng'wanambuga mwanangu, mwangaluka nawe. Huyo wa Igoma msamehe, hajapigwa teke la maana bado.

Mimi niko Kayenze, huku Ilemela. Dagaa wakishaanuliwa mchangani mimi ndiye ninayewatoa hadi barabarani, na siku ziwa likichafuka kukawa hakuna dagaa, nabeba kuni na maji. Nina majike wawili na dume moja. Wote watatu niliwapokea wakiwa hawataki hata kuguswa, na huyo jike mkubwa, aliyekuwa akimmiliki aliniletea akiwa kakata tamaa, eti lina jini. Basi nisikilize.

Kwanza hicho kichwa. Umeandika mwenyewe kwamba mkivuta anakiinua juu. Sasa kasimame mbele ya Meja uangalie macho yake yalivyokaa. Yako ubavuni mwa kichwa. Anaona pembeni kote na karibu nyuma yote bila kugeuka, ila kuna mahali pawili hapaoni: nyuma kabisa ya mkia, na hapo chini ya pua yake mwenyewe. Akitaka kuiona ardhi anayokwenda kuikanyaga lazima ashushe kichwa. Ninyi mnavuta hatamu, kichwa kinapaa, ule ufa wenye giza unapotelea chini ya pua. Mnamwamuru akanyage asichokiona, na wewe mwenyewe umejibanza pale nyuma asipopaona pia, unasukuma. Hata mimi nisingevuka.

Legeza kamba. Ilegee kweli, ining'inie. Simama ubavuni usawa wa bega lake, angalia unakotaka kwenda, usimkodolee. Mwanzoni atakaa tu, utadhani kalala. Ngoja. Shingo itaanza kushuka kidogo kidogo, masikio yote mawili yataelekea kwenye ufa, matundu ya pua yatapanuka. Atapuliza mpaka vumbi liruke juu ya zege. Pengine atarudi hatua moja nyuma. Mwache arudi, wala usimvute, nenda naye taratibu. Kisha atarudia tena kunusa. Ukiona amenyanyua ukwato mmoja akaugonga kwenye zege, ko, ko, akasikiliza, hapo msifu, mkune, mgeuze mwende nyumbani.

Ndiyo, nyumbani. Najua shemeji yako atacheka. Lakini usiku huo Meja analala na habari moja: aliliendea lile dude kwa miguu yake, akaligusa, hakufa, na hakuna aliyempigia kelele. Ukimlazimisha palepale avuke kwa sababu "si amekaribia", analala na habari nyingine.

Punda akiogopa anasimama. Wenzangu hapa pwani wanaita ukaidi, mimi naita kupima. Ukimpiga wakati anapima, unamthibitishia kwamba mahali hapa ni pabaya, maana kila akifika anaumia. Hesabu yake iko sawa kabisa. Huyo wa Igoma fimbo yake itamvusha mara moja, nakubali. Mara ya pili Meja atasimama mbali zaidi, na mara ya tatu atagoma kutoka zizini.

Lakini usianzie kalavatini, huko ni mwisho. Anzia kwako uani, bila mkokoteni, bila kijana, bila watoto wa jirani.

Unaona ule msalaba mweusi mgongoni kwake, mstari mmoja wa uti na mwingine unaoshuka mabegani? Pale mistari inapokutana, mkune kwa kucha. Punda wawili wanaopendana hukunana hapohapo, kila mmoja kwa meno yake. Ukipapatia utaona mdomo wa juu unarefuka na kutikisika, anapindisha shingo. Hapo ndipo mlango wa huyo mnyama. Kutoka hapo mkono uende shingoni urudi. Uende hadi nyuma ya taya, urudi. Sikio ni safari ya mbali, usikimbilie. Siri yake ni uondoe mkono wewe kabla hajauondoa yeye. Akirusha kichwa ndipo ukatoa mkono, umemfundisha kurusha kichwa. Ukitoa wakati bado ametulia, umemfundisha kutulia. Mimi sikio naligusa kwanza kwa nyuma ya mkono, vidole nimekunja, maana wengi wao wameshikwa masikio na kupindwa wakiwa mnadani, na vidole wanavijua.

Wakati huohuo tandika viroba uani. Vipasue, viunganishe viwe vipana, weka mawe pembeni upepo usivipeperushe. Mpitishe karibu navyo tu, kila siku karibu zaidi. Mlio ule wa kiroba chini ya kwato ni nusu ya kalavati. Akishakanyaga kwa mguu mmoja, tosha. Viroba vikizoeleka weka ubao mpana juu ya ardhi, asikie sauti ya kitu chenye uwazi chini.

Kamba sasa. Huku kwetu kijana yeyote anajua kuvua sangara kwa ndoano: samaki akilegea ndipo unavuta upesi. Kwa punda ni kinyume. Unakaza kidogo tu, unangoja, na akilegea ndipo nawe unalegeza, palepale. Usisubiri hatua nzima. Angalia kifua: kabla mguu haujatoka, uzito unahamia mbele, misuli ya bega inacheza. Hapo legeza. Ukichelewa ukalegeza akiwa ameshasimama tena, umelipa kusimama. Watu wengi wanasema hawana subira wakati subira wanayo tele, wanasimama hata saa nzima wakivutana, ila mkono wao haujui wakati.

Robo saa inatosha kwa mara moja. Anza asubuhi, na mtu awe mmoja. Huyo kijana wako ni mtu wa sauti? Kama ni mtu wa sauti mpe kazi nyingine kwa sasa.

Na hili la mwisho silo dogo. Umenunua mmoja. Punda hukaa wawili wawili, na wakishazoeana ukiwatenganisha mmoja hula kwa shida na kutwa anaita. Kabla hujamlaumu Meja, jiulize alikuwa na nani huko alikotoka. Anavyokufuata hadi mlangoni si mapenzi peke yake, hataki kubaki mwenyewe. Azima jike kongwe la jirani, lile ambalo limevuka hilo kalavati tangu halijachakaa, litangulie mbele kwa mwendo wake. Utashangaa.

Daktari_wa_Zizi

Mama kamaliza upande wa tabia. Mimi ni afisa mifugo, niongeze upande wa mwili, kwa sababu punda anayeumwa hafundishiki, na punda ni mgumu sana kuonyesha maumivu.

Ndugu Ng'wanambuga, huyo punda anavuta kwa kutumia nini? Mafundi wetu wengi wamezoea maksai, kwa hiyo wanatoa mkokoteni na nira ya mti. Ng'ombe ana nundu, nira inakaa mbele yake, anasukuma. Punda hana nundu. Ukimwekea nira ile, mti unakaa juu ya mifupa ya mabega na kuchubua. Punda anavuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, wenye kitu laini ndani, ukae juu ya kiungo cha bega na chini ya koo. Ukiwa juu mno unambana koo, ukiwa chini mno unamzuia bega lisitembee.

Swali la pili. Barabara kabla ya kalavati ni tambarare au inateremka? Kama inateremka, na mkokoteni wako hauna mkanda wa nyuma unaozunguka makalio, basi kwenye mteremko hakuna kinachouzuia isipokuwa miguu yake ya nyuma. Ubao unamgonga. Punda aliyegongwa hivyo mara kadhaa huanza kugoma kila akiona mteremko, na mwenye punda anadhani anaogopa daraja.

Mtazame pia kwato. Punda ni mnyama wa nchi kavu, ukwato wake hunyonya maji. Akilala kwenye udongo wa mbuga msimu wa mvua, kwato hulainika, huoza kwa ndani na kunuka. Mpe mahali pakavu penye paa, manyoya yake hayamwagi maji ya mvua vizuri. Kila kidonda kiangaliwe, na uulize ofisi ya mifugo ya kata kuhusu chanjo ya pepopunda. Jina la ugonjwa lenyewe linakuambia nani anaupata.

Kuwasha moto chini ya tumbo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Ukiamua kuuza, angalia unamuuzia nani. Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, lakini wanunuzi wa gizani hawaishi.

Saisi_mstaafu

Habari za jioni wadau. Nimesoma nikatabasamu. Mimi nimetunza farasi Nairobi kwa muda mrefu, wa mbio na wa kupanda, jirani na uwanja wa Ngong, kabla ya kurudi nyumbani Sengerema. Watu hapa huniuliza kwa nini huku ziwani hatuna farasi. Jibu ni maradhi. Kuna homa ya farasi inayoenezwa na visubi, farasi akiipata kwa kawaida anakufa ndani ya siku chache. Punda wetu akiambukizwa mara nyingi hata hutambui. Ongeza ndorobo ya mbung'o. Farasi ni mgeni Afrika hii. Punda ndiye mwenyeji: utafiti wa vinasaba uliotangazwa 2022 unaonyesha alifugwa kwanza upande huu wa Afrika Mashariki, kama miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo mnaye mzalendo hapo, mheshimuni.

Mama Shogi shikamoo. Ulichosema kuhusu kulegeza kamba ndicho alichonifundisha saisi mkubwa siku za mwanzo, kwa farasi wa thamani ya nyumba. Tofauti moja tu. Farasi akishtuka anakimbia kwanza na kufikiri baadaye, kwa hiyo hofu yake unaiona toka mbali. Punda anaganda. Ndiyo maana na ushauri wa kumfunga kalavatini kutwa ni hatari zaidi kwa punda. Niliona ukifanywa kwa farasi: anafungwa nguzoni, anatikisiwa maturubai mpaka aache kuhangaika. Anaacha kweli. Anasimama kimya, kichwa chini, jicho halina mtu ndani. Wanashangilia, wanasema amezoea. Hajazoea, amekata tamaa ya kukimbia. Halafu wiki moja njema, bila sababu inayoonekana, analipuka na mtu anavunjika mkono. Meja akisimama kimya usimwamini mpaka uone anapepesa macho, anapumua kwa kina na mkia haujabanwa.

Pia wanyama hawa wanasoma mwili wako kuliko unavyodhani. Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mwenye farasi akiwa mwalimu mstaafu wa hesabu, von Osten. Ukimuuliza saba ukijumlisha tano anagonga ukwato mara kumi na mbili. Wakubwa walikuja kuchunguza wakakosa udanganyifu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst ndiye aliyeeleza: muulizaji akiwa hajui jibu, au Hans akiwa hamwoni, farasi anakosa. Alikuwa anasoma kichwa na mwili wa muulizaji kulegea kidogo pale jibu linapofika, na muulizaji mwenyewe hajui kama amelegea. Sasa fikiria kijana wako anavyolikaribia lile kalavati: tangu kwenye kona ameshakaza ngumi, kashika kamba fupi, pumzi kaizuia. Meja ameshaambiwa kuna hatari kabla hajaliona.

Ninapotofautiana na Mama ni neno moja ambalo hakulisema lakini najua huku wengi hufanya: kumpa pumba mkononi avuke. Sisi tulikatazwa. Mnyama anajifunza kupekua mikono na kung'ata, na akiwa na hofu kweli hata hali.

MamaShogi

Marahaba Saisi. Hilo la pumba mimi nafanya, tena bila aibu, ila sitoi mkononi. Namwaga kwenye sinia ng'ambo ya kile kitu, baada ya yeye kuamua. Hatafuata pumba akiwa anaogopa, hapo tuko pamoja, na ndiyo maana pumba kwangu ni kipimo. Akila anatafuna taratibu, najua moyo umetulia. Akishika mdomoni na kusahau kutafuna, nagundua nimemsogeza karibu mno, narudi nyuma.

Hilo la farasi wa hesabu nimewasomea wajukuu. Wamesema ndiye wanayemtaka awafanyie mtihani.

Kiboko_wa_Igoma

Sawa mama, nimenyamaza. Lakini niulize kwa nia njema, mtu ana magunia yanalowa shambani, ataanza kumkuna punda mgongo?

MamaShogi

Mwenye magunia yanayolowa akodi mkokoteni mwaka huu, amalize. Punda wa kujifunza hawekwi kwenye kazi yenye haraka. Ukichanganya hivyo viwili utampiga tu, hata uwe padri.

Ng'wanambuga

Wazee wangu, shikamooni wote mnaostahili. Nimesoma mara nyingi.

Daktari, nimekwenda kuangalia. Barabara inateremka, tena si kidogo, ni bonde la kile kijito. Na mkanda wa nyuma mkokoteni hauna. Fundi alinipa nira fupi ya mti na kamba mbili. Nimefunua manyoya juu ya bega la kushoto nimekuta pamechubuka upana wa sarafu, pana joto ukigusa. Nimeshasimamisha kazi ya kuvuta.

Hatamu nimeilegeza na nimeanza kumkuna pale kwenye msalaba. Mdomo unarefuka kweli! Mke wangu kacheka hadi kakaa chini. Sikio bado.

Maswali yangu: bodaboda nazo nafanyaje, maana barabara ni yao? Na Mama hukujibu swali la muda.

Daktari_wa_Zizi

Kidonda osha kwa maji safi yenye chumvi, usipake oili chafu ya gari kama wanavyofanya wengine, na usimvishe chochote hapo mpaka ngozi ijifunge na manyoya yaanze kuota. Mkanda wa kifuani shonesha kwa fundi viatu au fundi wa viti vya magari. Turubai zito linafaa, au mkanda mpana wa kiti cha gari, ndani uweke blanketi. Naironi tupu inakata. Usisahau mkanda wa makalio, ushikizwe kwenye mikono ya mkokoteni, usiwe juu karibu na mkia wala chini karibu na magoti, kati hapo. Akiwa tambarare uwe umelegea kidogo, mkokoteni ukitaka kumkimbilia ndipo ukaze.

MamaShogi

Bodaboda ni rahisi kuliko kalavati. Una jirani mwenye pikipiki? Mwombe aizime, aiegeshe uani, Meja ainuse kwa siku zake mwenyewe, hasa bomba likiwa limepoa na pale panaponukia petroli. Kisha jirani aikokote bila kuwasha, iende mbele, na wewe na Meja muifuate kwa nyuma. Hapa kuna jambo: kitu kinachokukimbia hakitishi. Punda akiifuata pikipiki inayoondoka anajiona yeye ndiye anaifukuza, utaona masikio yamesimama na mwendo umekuwa wa kibwana. Baadaye jirani awashe, aende mbele polepole, muifuate tena. Mwisho ndipo impite, kwanza ikitoka mbele, halafu ubavuni kwa mbali, na ya kutokea nyuma iwe ya mwisho kabisa. Mwambie asipige honi, vijana wanapenda mzaha.

Muda sikujibu kwa makusudi, maana ukiwa na tarehe kichwani mkono unakuwa mzito. Ila nikupe mpangilio. Kwanza kidonda kipone. Wakati kinapona unamzoesha viroba, sikio na pikipiki, hivyo huhitaji mkanda. Pia mtembeze bila mzigo wowote hadi kalavatini pamoja na jike la kuazima, arudi. Akivuka naye hivyo bila mzigo, mvushe mara nyingi, mara nyingine umpumzishe katikati ya zege ale majani. Baadaye mvishe mkanda mpya bila mkokoteni, avute gogo dogo uani asikie kitu kinachomfuata nyuma. Kisha mkokoteni mtupu, tambarare. Kisha mteremko mwingine usio na kalavati. Kalavati na mkokoteni vikutane mwisho, na siku hiyo usipakie mpunga, pakia viroba viwili vya pumba, vyepesi. Huo ufa uzibe, mwanangu. Mawe na kifusi, kazi ya nusu siku na vijana wawili. Si kila kitu ni cha kumfundisha punda, ukwato ukiingia humo unavunja mguu.

Na akigoma siku yoyote katikati ya huo mpangilio, rudi hatua moja mpaka pale alipokuwa anaweza, afanye hilo, mwende nyumbani.

Saisi_mstaafu

Niongeze dogo. Jike la kuazima litangulie safari za mwanzo, kisha liwe ubavuni, kisha nyuma, ndipo abaki peke yake. Ukilitoa ghafla siku moja, utagundua Meja alikuwa anavuka kwa moyo wa mwenzake.

Ng'wanambuga

Nimeelewa. Mavuno haya nakodi, nimeshaongea na yule wa kupandisha bei, leo kanikuta sina haraka kashuka mwenyewe. Jike nimepata kwa jirani wa ng'ambo ya kijito, anaitwa Bibi Harusi, mzee hasa, anavuka hilo kalavati akiwa anasinzia. Mwenyewe anataka debe la pumba kwa wiki.

Kifusi cha kuziba ufa naleta Jumamosi. Swali la mwisho kwa aliye mjini: blanketi kuukuu za kuweka ndani ya mkanda napata wapi kwa bei ya kueleweka?

Kiboko_wa_Igoma

Nenda mitumba ya Mlango Mmoja asubuhi wakifungua marobota. Uliza za sufu, usichukue zile za kung'aa zinateleza. Mimi kesho napita huko, ukitaka nikuchukulie nitumie vipimo. Halafu Mama Shogi, nina dume langu hapa linang'ata watu wakati wa kufunga mizigo. Nianzishe uzi wangu au nilete humuhumu?

MamaShogi

Lete humuhumu. Anza kwa kuniambia mizigo unaifungaje, na kamba inapita wapi.